Kitabu Kinachomuuliza Mtoto Anapenda Nini

Mhadhara kwa walimu, wachoraji na wazazi, Lubumbashi



Naanza na mtoto wa kitabuni. Anaitwa Kondi, ana miaka 7, anaishi kijijini Malawi. Ana sanduku lake la vitu vyake vya thamani, na ndani ya sanduku hilo mna vipande vya waya. Siku moja anaamua kutengeneza gari. Kaka yake anamcheka: mtoto mdogo hivi, na waya kidogo hivi, ataweza wapi? Kondi anatoka zake. Anazunguka siku nzima kutafuta waya. Huku anabadilishana kitu na rafiki, kule anaomba kwa mkubwa, mahali pengine anaingia pasipomhusu na kukemewa. Jioni gari limekamilika. Usiku watoto wanatoka kucheza kwenye mbalamwezi, Kondi akiwa mbele na usukani wake. Kabla kitabu hakijafungwa tayari anawaza waya zile zile kesho ziwe nini: gari la wagonjwa, ndege, au helikopta. Kitabu chenyewe kinaitwa Galimoto. Mwandishi ni Karen Lynn Williams, mchoraji ni Catherine Stock, nacho kilitoka Marekani mwaka 1990.

Angalieni kisichokuwamo. Hakuna anayemfundisha Kondi kunawa mikono. Hakuna mzee anayetokea ukurasa wa mwisho kumwambia kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Hapati zawadi, hapati adhabu. Mwandishi amemwona mtoto anayetaka jambo moja kwa moyo wake wote, akamfuata nyuma kuanzia asubuhi hadi usiku, basi. Kitabu kimekwisha, na msomaji mdogo anataka kisomwe tena.

Sasa njoo huku kwetu. Mtoto yeyote wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya au Ruashi angeweza kumsahihisha mchoraji wa kitabu hicho. Gari la waya lina kanuni zake. Fremu inatakiwa waya mgumu, maana waya laini unapinda gari likigonga jiwe. Viungo vinafungwa kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, unavutwa sana kabla ya kufungwa fundo. Magurudumu ni vifuniko vya makopo ya kiwi, au soli ya malapa iliyokatwa duara kwa wembe, na soli ni bora kwa sababu haipigi kelele na inashika vumbi. Kutoka ekseli ya mbele unapanda mti mrefu hadi kifuani mwa dereva, na juu yake usukani wa duara, ili mtoto aendeshe akiwa amesimama wima, akikimbia. Wanaokaa karibu na barabara ya Kasumbalesa hawatengenezi gari dogo. Wanatengeneza lori la kubeba shaba, lenye trela inayokunja kona peke yake, na wanajua tofauti ya kichwa cha Howo na cha Scania kuliko baba zao. Nimemwona kijana wa miaka tisa au kumi akiivunja trela nzima kwa sababu pembe ya kukunja haikumridhisha. Hakuna mwalimu aliyemtuma. Hakuna alama atakazopewa.

Mtoto huyo tunaye. Wachoraji tunao, tena wengi. Kiswahili tunacho. Lakini kitabu cha picha kilichochorwa Lubumbashi, kwa Kiswahili, ambamo mtoto kama huyo ndiye mwenye hadithi, mimi sijakiona katika duka la vitabu la mji huu. Nilichokiona ni vitabu vya kumtengeneza mtoto. Kuna kinachomfundisha usafi, kinachomfundisha utii, kinachomfundisha silabi, na kile cha katekisimu. Sivitukani, vina kazi yake. Ila mtoto akivisoma vyote, atajua sisi wakubwa tunataka awe nani, na hatajua hata mara moja kwamba tumemwona alivyo.

Desturi hii ina historia yake, na kwetu historia hiyo ina jina: Union Minière. Kampuni hiyo ya migodi ya shaba ilianzishwa mwaka 1906, mji wenyewe 1910, na tangu miaka ya 1920 kampuni ilipoamua kumweka mfanyakazi kambini pamoja na mkewe na watoto, ikaanza pia kumlea mtoto. Ilimzalisha mama hospitalini kwake, ikampima mtoto kwenye mizani, ikampa shule. Lengo halikufichwa: mtoto wa mfanyakazi akue awe mfanyakazi, mzuri, mwenye afya, asiye na maneno mengi. Mwaka 1957 likatoka gazeti la kampuni, Mwana Shaba, na baadaye vijana wakapata lao, Mwana Shaba Junior, lenye hadithi za katuni. Wazee waliomo humu ndani wanalikumbuka kwa mapenzi, na wana haki, maana mtoto wa leo hana hata hilo. Lakini tusisahau lilikuwa la nani. Jina lenyewe lilimwita msomaji mtoto wa shaba. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alipoandika kitabu chake juu ya wafanyakazi wa Gécamines, iliyoirithi Union Minière, kitabu kilichotoka mwaka 2001, alikiita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Miaka miwili mitatu baadaye, 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa mkono wa kwaheri kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na wajukuu wa kambi zile ndio hawa wanaocheza leo na magari ya waya. Baba kaondoka. Vitabu vyetu bado vinazungumza kwa sauti yake.

Tuna methali inayotuunga mkono: samaki mkunje angali mbichi. Kila mkutano wa wazazi inasemwa. Mimi naiheshimu, lakini nauliza kama mtu aliyekaa miaka mingi darasani: umeshamtazama samaki huyo kabla hujamkunja? Unajua anaogelea upande gani?

Niseme kidogo juu ya picha, kwa sababu wapo wanaodhani kitabu cha picha ni jambo la Wazungu, la watoto wanaosomewa kitandani. Katika Kongo nzima sijui mji uliosoma picha kuliko huu. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar. Kanuni yake ilikuwa moja: hakuna kuiga, kila mtu achore anachokiona ndani yake. Bela Sara alichora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza turubai kwa mistari mifupi mifupi iliyobanana. Pilipili Mulongoy alipenda samaki, ndege na nyoka, akawachora maisha yake yote, na hakuna aliyemwambia inatosha. Lipo la kumlaumu Romain-Desfossés: aliwaita watu wazima wale wanawe, na lugha hiyo ya ubaba tumekwisha kuiona ilikotoka. Lakini hebu mchukue kanuni yake, muiondoe kwa watu wazima aliowadogosha, muipeleke kwa watoto wenyewe. Hapo inakaa sawasawa.

Kisha zikaja picha za sebuleni. Katika miaka ya 1960 na 1970 nyumba nyingi za mji huu zilikuwa na picha ukutani, iliyochorwa kwenye nguo ya mfuko wa unga na kununuliwa kwa mchoraji aliyepita nyumba kwa nyumba. Mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, nywele ndefu, pengine na saa mkononi. Simba. Picha ya Colonie Belge, mfungwa akichapwa fimbo huku afisa akisimama. Watu hawakuzitundika kwa urembo peke yake. Ziliitwa ukumbusho. Mgeni akikaa, anaitazama, anauliza, na mwenye nyumba anaanza kusimulia. Mtoto aliyekaa sakafuni na sahani yake ya bukari alisikia yote. Mnaona ilivyo? Picha, mkubwa anayesimulia, mtoto anayesikiliza na kunyoosha kidole. Hicho ni kitabu cha picha kilichokosa jalada tu.

Na mmoja wa wachoraji hao alikwenda mbali zaidi. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, alikuwa akiuza picha kama wenzake. Alipokutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo chetu, alimwambia ana jambo kubwa kichwani: historia yote ya nchi, kwa picha. Kati ya 1973 na 1974 akamletea picha moja baada ya nyingine, kama mia moja hivi, na kwa kila picha akakaa na kusimulia kwa Kiswahili cha hapa, mashine ikirekodi. Yeye mwenyewe alijihesabu mwanahistoria. Alichopewa na mji kilikuwa kazi ya kuchora mamba muntu. Alichokipenda kilikuwa historia, na akakitafutia njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akapotea, hakuna ajuaye mwisho wake. Kitabu cha picha zake kilitoka California mwaka 1996, kwa Kiingereza. Kwa hiyo simulizi kubwa kuliko zote iliyowahi kuchorwa na kusemwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi, mwana wa Lubumbashi anaipata kwa lugha asiyoijua, kwa bei asiyoiweza. Nalisema hili wachoraji walisikie: ukosefu wetu haujawahi kuwa wa kipaji.

Sasa nivuke ziwa, nimfuate mtoto mwingine wa kitabuni. Julai 1960 mnaijua. Tarehe 11 Moïse Tshombe alitangaza, kutoka mji huu ulipokuwa bado Elisabethville, kwamba Katanga inajitenga. Siku tatu baadaye, upande wa pili wa Tanganyika, msichana Mwingereza wa miaka 26 alishuka kutoka kwenye boti katika ufuo wa Gombe, pamoja na mama yake. Alikuwa amekwamishwa Kigoma na mambo yetu: Wabelgiji waliokimbia Kongo walikuwa wameujaza mji ule, na yeye na mama yake wakakaa kusaidia kuwatengenezea mikate ya nyama ya kopo. Msichana huyo ni Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, mtu aliyeufundisha ulimwengu kwamba sokwe hutengeneza vifaa kama sisi.

Mwaka 2011 mchoraji Mmarekani Patrick McDonnell alimtungia kitabu cha watoto, Me... Jane. Mtu mwingine angeandika kuhusu mwanasayansi mashuhuri, na tuzo zake, na vyeti. McDonnell alichora mtoto na mwanasesere wake. Jane mdogo alipewa na baba yake sokwe wa kitambaa aliyeitwa Jubilee, akawa anamkokota kila mahali. Kurasa ni chache, maneno machache zaidi: mtoto anapanda mti, mtoto anasoma habari za Tarzan, mtoto anajificha kwenye banda la kuku aone yai linatokea wapi. Hili la banda ni kweli tupu. Alikaa humo saa kadhaa bila kutikisika, nyumba nzima ikimtafuta, na alipotoka na majani kichwani mama yake hakumpiga. Aliketi akasikiliza habari ya yai. Ndani ya kitabu wamebandika pia michoro aliyoichora Jane mwenyewe alipokuwa mtoto. Na ukurasa wa mwisho, baada ya michoro yote hiyo, unakuta ghafla picha halisi ya kamera: Jane mtu mzima, mkono ameunyoosha, na mtoto wa sokwe ananyoosha wa kwake.

Nimekisoma kitabu hicho kwa watoto wa hapa, nikitafsiri papo hapo. Wakifika kwenye picha ile wananyamaza kwanza, kisha yuko mmoja lazima aseme: sokwe hawa hata sisi tunao. Ni kweli tunao. Kimbilio la JACK, lililoanzishwa hapa Lubumbashi mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau, linatunza sokwe yatima walionyang'anywa wauzaji wa magendo. Septemba 2022 watekaji waliiba watoto watatu wa sokwe humo wakadai walipwe. Gazeti la nchi za mbali liliiandika habari hiyo. Mtoto wa Lubumbashi anayependa wanyama, anayejua majina ya sokwe wale mmoja mmoja, bado hajaandikiwa kitu.

Mtaniuliza kwa nini nashikilia picha wakati nchi inataka watoto wasome maneno. Nitawajibu kwa kijana mwingine wa Malawi, maana majirani hawa wametangulia. William Kamkwamba, wa Wimbe, wilaya ya Kasungu, aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Alikuwa na miaka 14. Akawa anaingia katika maktaba ndogo ya shule ya msingi. Humo akakuta kitabu cha Kiingereza juu ya nishati, chenye vinu vya upepo kwenye jalada. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Alisoma picha. Alitazama mchoro, akatafuta neno lililoandikwa chini yake, akarudi kwenye mchoro. Kisha akaenda jalalani kutafuta feni ya trekta, akachukua fremu ya baiskeli, dainamo, mabomba ya plastiki, akajenga mnara kwa miti ya mikaratusi. Watu walimwona amerukwa na akili. Taa ikawaka. Mwaka 2007 alisimama Arusha mbele ya mkutano wa kimataifa na kusimulia kwa sentensi mbili tatu za aibu. Mwaka 2012 kisa chake kikafanywa kitabu cha picha, michoro ikiwa ya Elizabeth Zunon. Shauku ilimpeleka kwenye picha, na picha ikamlazimisha kusoma. Sisi tunaanza na silabi na tunashangaa kwa nini mtoto hana hamu ya kufika kwenye sentensi.

Mkongo aliyefanya kazi hii yupo, tumtaje kwa heshima: Dominique Mwankumi, aliyesomea Chuo cha Sanaa cha Kinshasa. Katika Prince de la rue amemchora mtoto wa barabarani wa Kinshasa anayeunda vitu vya kuchezea kwa waya na makopo. Mtoto huyo ananyang'anywa, anapigwa, analala nje, na bado mikono yake haiachi kazi yake. Mwankumi hakupamba umaskini wala hakumlilia mtoto. Amemchora fundi. Vitabu vyake vilichapishwa Paris na l'École des loisirs, kwa Kifaransa, na vinauzwa kwa euro.

Hapo ndipo jambo lenyewe linapouma. Galimoto kilitoka Marekani. Me... Jane, Marekani. Cha Kamkwamba, Marekani. Cha Mwankumi, Ufaransa. Ukiacha ya Jane, shauku ni ya watoto wetu na wa jirani zetu, na nakala ziko kwenye rafu za watoto wengine. Mtoto wa Chicago anaweza kumjua mtengenezaji wa gari la waya kabla ya mtoto wa Kamalondo kujiona kitabuni.

Mama mmoja mwalimu aliniambia juzi, tulipokuwa tunazungumza haya: mwalimu, darasani kwangu kuna watoto wengi kuliko viti, wewe unaniletea habari za shauku? Ana haki ya kuuliza. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure, madarasa yamefurika. Lakini kitabu cha picha ndicho kinachofaa darasa la namna hiyo. Nakala moja kubwa, mwalimu ameishika juu, watoto themanini wanaiona. Kitabu cha silabi kinataka nakala themanini.

Swali gumu kuliko hilo ni la machimbo. Nikisema tumchore mtoto anayependa mawe, mtu wa Kipushi au wa Likasi atanitazama vibaya, na afanye hivyo. Wapo watoto wanaoyajua mawe kwa macho tu: hili malakiti, hili lina kobalti, hili takataka. Wanayajua kwa sababu wanayaokota, wanayaosha mtoni na kuyauza, wakati wangekuwa masomoni. Kitabu kitakachoita jambo hilo mapenzi ya mtoto kitakuwa kimesema uongo. Hata hivyo nimekutana pia na mtoto aliyeficha chini ya godoro jiwe moja la malakiti, kijani mistari mistari, na hakutaka kuliuza kwa bei yoyote. Tofauti ya watoto hao wawili mchoraji hodari anaiweza: kwa mmoja jiwe lipo kwenye mfuko mgongoni, kwa mwingine lipo kiganjani, na linatazamwa. Atakayekichora kitabu hicho asiwafiche wale wa mfuko. Wawepo nyuma ya picha, wanapita.

Juu ya Kiswahili gani, nina neno fupi, maana mabishano haya yanaweza kutulaza hapa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imezipa lugha zetu za taifa nafasi shuleni. Msimulizi aandike Kiswahili chepesi ambacho mtu wa Kalemie, wa Bukavu na wa Kigoma atakifuata. Mtoto akifungua kinywa, aseme anavyosema. "Niko natafuta waya, mama." "Waya ya nini?" "Ya motokari yangu." Ukimpa mtoto wa mtaa wetu wa Kenya maneno ya mtangazaji wa redio ya Dar es Salaam, hatajitambua, na kazi yote itakuwa ya bure.

Ninavyo vitabu kichwani, kama kila mtu. Nataka kimoja cha kipa. Desemba 2010 timu yetu, TP Mazembe, waliwafunga Internacional ya Brazili huko Abu Dhabi, wakafika fainali ya dunia ya klabu, na kipa wao Robert Kidiaba akashangilia kwa ule mtindo wake wa kuruka uwanjani kwa makalio. Hakuna uwanja wa vumbi mjini humu ambao haukuona suruali za watoto zikichanika wiki ile. Kichoreni hicho. Msichore kombe, mchoreni mtoto na suruali yake, na ugumu wote wa kujifunza kuruka vile: ukurasa mmoja, mtoto yule yule mara nne, kila mara juu kidogo kuliko mwanzo, mama akitazama kutoka mlangoni na sindano ya kushonea mkononi. Kingine kiwe cha msichana wa nzango, ule mchezo wa miguu na makofi. Tumezoea kudhani shauku ni ya wavulana na magari yao, na huku wasichana wanakariri mpangilio wa miguu ambao profesa wa hesabu angeuandikia karatasi. Nzango ina ugumu wake kwa mchoraji, kwa sababu ni mdundo, na karatasi haina sauti. Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi angejua la kufanya. Nyinyi pia mtajua.

Fedha. Nilikuwa nimekusudia kuliacha, lakini hamtaniacha nilikwepe. Kuchapa rangi ni ghali, na mchapishaji wa hapa haogopi kazi, anaogopa mzigo wa vitabu visivyonunuliwa. Tanzania walikutana na woga huo huo. Mwaka 1991 wakaanzisha Mradi wa Vitabu vya Watoto: mwandishi na mchoraji walifundishwa, mswada ulichaguliwa, mchapishaji alichapa, na mradi ulinunua sehemu kubwa ya nakala mapema na kuzigawa shuleni. Mchapishaji alijua hatapata hasara, na zilizobaki aliziuza. Hakuna uchawi ndani yake. Hapa kwetu parokia moja, shule mbili tatu, na chama cha wazazi vinaweza kuahidi kununua nakala za kitabu kimoja kabla hakijapigwa chapa. Wenye viwanda vya shaba wanaotafuta kila mwaka mahali pa kutoa msaada na kupigwa picha nao waalikwe. Ila wasipewe nafasi ya kuandika ukurasa wa mwisho. Tunajua mzazi wa namna hiyo anaandikaje.

Ombi langu kwa jioni hii ni dogo. Mwalimu, kabla ya mwezi huu kwisha, waulize watoto wako mmoja mmoja wanapenda nini, na uandike majibu kama walivyoyasema, bila kuyanyoosha. Mzazi, mwulize wa kwako, na usimcheke kama kaka yake Kondi. Mchoraji, chagua mtoto mmoja katika hao, nenda ukakae naye mchana mzima, umtazame mikono. Kurasa kumi na sita zinatosha. Jedwali la majina liko mlangoni, safu ya kushoto ni ya wachoraji, ya kulia ni ya walimu. Jiandikisheni kabla hamjatoka, na muandike namba ya simu kwa herufi zinazosomeka.